Mmea wa Kivulini na Maradhi ya Mshipa

Jioni hii nataka kuwapa habari za mmea mmoja wa msituni, mmea mfupi unaofika magotini mwa mtu mzima, ambao wengi wenu mmekwisha kuuona lakini hamkujua kwamba ni wa kwetu. Kabla ya kufika msituni yafaa tuanze sokoni Kariakoo, kwa maana habari za mmea huu zimefungamana na mambo ya soko lile kuliko mtu awezavyo kudhani.

Mtu akienda Kariakoo asubuhi, akapita upande wanakouza vyakula vinavyochimbwa, huona mafungu ya mihogo, viazi vitamu, viazi vikuu na magimbi. Magimbi ndiyo ninayotaka myatazame kwanza. Kila mama apikaye ajua sharti la gimbi, ya kuwa halitaki haraka. Lisipoiva barabara lawasha ulimi na koo, hata mlaji akajuta. Na binti anayefundishwa kuyamenya huambiwa apake mafuta mikononi kwanza. Sababu yake ni kwamba ndani ya gimbi mna chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho matupu, zenye ncha kali mfano wa sindano. Zikigusa ngozi laini ya kinywa huichoma. Chembe hizo hupatikana katika ukoo wa magimbi, nao ni ukoo mkubwa, wenye jamii nyingi duniani, na wengi katika ukoo huo hupenda kukaa penye kivuli chini ya miti mikubwa.

Mmea ninaotaka kuusimulia ni wa ukoo huo huo. Wataalamu huuita Zamioculcas zamiifolia, na wauzaji wa maua mjini, kwa kuona jina hilo ni mzigo, huuita kwa herufi mbili tu, ZZ. Ndio ule mnaouona katika vyungu barazani, katika maofisi, katika maduka ya simu na penye meza za mapokezi hotelini, wenye majani ya kijani kibichi yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta ya nazi. Wengi hudhani kile kinachosimama ni shina lenye majani mengi. Sivyo. Kile kirefu chote, pamoja na vijani vilivyopangika pande zake mbili, jozi sita au saba au nane, ni jani moja tu. Shina lenyewe limejificha udongoni, nene kama kiazi, nalo ndilo ghala yake ya maji. Hata kikonyo cha jani kimevimba kwa chini, na ukikikata utaona kimejaa maji kama bua la mgomba.

Jina lake lina kisa kidogo. Mwaka 1829 wauza miti wa London walioitwa Loddiges waliutangaza mmea huu, wakauweka katika kundi jingine la ukoo wa magimbi. Mwaka 1856 mtaalamu wa Vienna, Heinrich Wilhelm Schott, akaona haufanani vizuri na wenzake, akaupa kundi lake peke yake. Na mwaka 1905 Mjerumani Adolf Engler akalipanga jina kama lilivyo mpaka leo. Sehemu ya kwanza ya jina yatokana na Zamia, mti wa Amerika ambao majani yake yafanana na haya. Sehemu ya pili yatokana na neno la Kiarabu, kulkasi, na kulkasi ni gimbi. Basi mtu akilitamka jina lile refu kwa kujivuna, kwa kweli anasema habari ya gimbi.

Nyumbani kwake ni huku kwetu. Waanzia kusini ya Kenya, wapita Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, mpaka kaskazini mashariki ya Afrika Kusini. Hukaa katika misitu ya pwani na katika vichaka vya mawe, chini ya miti, mahali ambapo jua hufika kwa vipande vipande tu. Si mmea adimu kwa idadi. Iko mimea mingine ya kivulini katika nchi yetu iliyo adimu kweli, na mashuhuri kupita yote ni lile ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Tanga zamani za Wajerumani, aliliona mwaka 1892, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Leo ua lile limo katika madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani kwa mamilioni, na huku kwao baadhi ya aina zake zimebaki katika miamba michache yenye unyevu, na mti ulio juu ya mwamba ukikatwa huwa hatarini kutoweka. ZZ haujafika huko. Kilicho adimu ni mtu wa mjini anayeujua kwao, chini ya miti yake, na anayejua wazee waliutumia kwa nini na kwa namna gani.

Nadhani ajabu ya mmea huu ni uvumilivu wake. Misitu ya pwani si kama ile ya milimani inayonyeshewa karibu mwaka mzima. Baada ya masika huja kiangazi kirefu, udongo hupasuka, na mimea mingi midogo hufa. ZZ huangusha vijani vyake, hukaa kimya na kiazi chake chini ya ardhi, hungoja. Tena kile kijani kilichoanguka hakiozi bure. Kikilala penye kivuli na udongo laini, kwenye mwisho wake huvimba kijinundu, na kijinundu hutoa mizizi, na baada ya miezi mingi huchipua mmea mpya. Mwaka 2007 wataalamu walionyesha jambo jingine. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya kujilishia, na hapo hapo maji yake hutoka kwa joto la jua. Mmea huu ukikaukiwa waweza kuvuta hewa hiyo usiku, wakati wa baridi, ukaitunza mpaka asubuhi jua litokapo. Ni kama mwenye duka anayepokea shehena usiku kwa sababu mchana njia ina wezi.

Kwa uvumilivu huo Waholanzi waliutamani. Tangu mwaka 1996 wakulima wa maua wa Uholanzi walianza kuuotesha kwa wingi, kwa kupandikiza vijani vyake, ukasambaa dunia nzima, kwa kuwa hauchoki kwa kiza cha ofisi, wala haufi kwa kusahauliwa maji wiki tatu. Ndipo ukarudi Dar es Salaam kwa sura ya mgeni. Mtu ausimamisha mlangoni mwake akiuita ua la kizungu, na huenda babu yake aliukanyaga akienda kutafuta kuni.

Sasa tuingie katika dawa. Wachunguzi wa dawa za asili wameandika mambo manne juu yake. Katika Usambara Mashariki, maji yaliyokamuliwa majanini hutiwa katika sikio linalouma; na huko Mulanje, katika Malawi, watu hufanya vivyo hivyo, ingawa nchi hizo mbili ziko mbali na watu wake hawasemi lugha moja. Wasukuma hubandika mizizi yake juu ya vidonda vya ngozi. Na hapa Tanzania, mmea wenyewe ukipondwa hubandikwa mwilini kwa maradhi yaitwayo mshipa. Angalieni kwamba matumizi hayo yote ni ya nje ya mwili au ya tundu la sikio. Hakuna panapotajwa kunywa. Waliozoea gimbi wataelewa mara moja. Zile sindano zimo humu pia, na mtu akitafuna jani hili atawashwa ulimi, midomo itavimba, na mtoto aweza kutoka machozi na mate kwa muda. Uvumi uliozagaa siku hizi, ya kwamba kuligusa tu jani hili ni sumu ya kuua au kwamba huleta saratani, hauna msingi. Lakini lisitafunwe, na aliyelikata anawe mikono kabla ya kujifikicha macho.

Katika hayo manne, la sikio nitalipitia upesi. Sikio linalouma kwa mafua ni jambo moja, na sikio linalotoka usaha ni jambo jingine. Lile la pili huenda ngoma yake imetoboka, na kitu chochote kikitiwa ndani, kiwe maji ya jani au mafuta ya taa au maziwa ya mama, chaweza kupita tundu lile na kuharibu usikivu. Mtoto mwenye sikio la usaha apelekwe zahanati, sikio likaushwe kwa kitambaa safi, lisitiwe kitu.

La mshipa ndilo lililonifanya niandike hotuba hii.

Wasikilizaji, Kiswahili ni lugha tajiri, lakini neno hili mshipa limebebeshwa mizigo mingi kupita kiasi. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, alieleza kwamba mshipa ni njia ya damu, tena ni neva, tena ni jina la maumivu na maradhi mbalimbali ya viungo hivyo, hata ngiri na busha zimo humo. Watu hawajabadili mazoea hayo. Mwenye maumivu ya kiuno husema ana mshipa. Mwenye mtoki, yaani tezi iliyovimba kinenani kwa sababu ya kidonda mguuni, husema ana mshipa. Mwenye busha husema ana mshipa wa maji. Mwenye ngiri husema ana mshipa wa ngiri. Basi mchunguzi mgeni akiandika katika daftari lake, mmea huu hutibu mshipa, ameandika kweli, lakini bado hatujui ameandika nini.

Tuangalie tofauti zake, maana hapo ndipo penye uhai na mauti. Mtoki ni uvimbe wa tezi. Kidonda kikipona, nao hupungua, na kitu cha kubandika chenye kutuliza huenda kikasaidia. Busha ni maji yaliyokusanyika katika mfuko wa korodani, na mara nyingi huku pwani chanzo chake ni vijidudu membamba mfano wa uzi vinavyoenezwa na mbu, vijidudu vile vile vinavyoleta matende. Mbu wao mkubwa hapa mjini ni yule anayezaliana katika maji machafu, katika vyoo vya shimo na mifereji iliyoziba. Ndiyo maana mji wa Dar es Salaam uliujua ugonjwa huu sana, na ndiyo maana Serikali ilianza mwaka 2000, Mafia ikiwa ya kwanza, kuwagawia watu dawa za kumeza za kuzuia vijidudu hivyo, kisha sehemu nyingine zikafuata. Busha lililokwisha kuwa kubwa halipungui kwa kubandika jani. Huondolewa kwa upasuaji mdogo, na mtu hurudi kazini mwake.

Ngiri ni habari nyingine kabisa. Ukuta wa tumbo una mahali padhaifu, hasa kinenani. Mtu akinyanyua mzigo mzito, au akikohoa sana, au akijikaza chooni, kipande cha utumbo hupenya pale padhaifu na kutokeza nje chini ya ngozi. Akilala chali, hurudi ndani, uvimbe ukapotea. Akisimama na kunyanyua tena, hutokeza.

Na hapa twarudi Kariakoo, kwa sababu Kariakoo ni mji wa mizigo tangu jina lake. Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916, katika vita vikuu vya kwanza, waliweka pale kambi ya kikosi cha wapagazi, na jina la Kiingereza la kikosi kile, likisemwa kwa ulimi wetu, likawa Kariakoo. Wapagazi wale walichukua risasi na unga na machela kwa vichwa na mabega yao, kutoka pwani mpaka Rufiji na mbele, na maelfu kwa maelfu yao walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa bunduki. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 yawakumbuka nao pia, ingawa umbo lililoko juu ni la mwenye bunduki, si la mwenye mzigo. Vita vilikwisha, mahali pale pakawa soko; na jengo kubwa la ghorofa lililobuniwa na Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975, likaungua moto Julai 2021, likajengwa upya. Katika miaka yote hiyo kitu kimoja hakikubadilika. Ukisimama asubuhi mtaa wa Mkunguni au Tandamti utawaona vijana wamebeba magunia na mabelo ya nguo, wengine wanasukuma mikokoteni, wanapiga mluzi watu wawapishe. Kazi ya bega ingaliko, na ngiri, ambayo kazi ile huitokeza, ingaliko pamoja nayo.

Nilimjua kijana mmoja wa kazi hiyo. Alipoona uvimbe kinenani alinyamaza, kwa kuwa mahali penyewe ni pa aibu, na kwa kuwa siku asiyobeba ni siku asiyokula. Uvimbe ulipomzidi alimwambia shangazi yake. Shangazi akamwambia, "Mwanangu, huo ni mshipa, hata marehemu baba yako alikuwa nao." Akamletea majani yaliyopondwa, akamfunga kwa kitambaa, akamkataza kutoka ndani muda wa wiki mbili. Majani yale yalikuwa ya mmea gani, hakuna aliyeuliza. Kijana akalala, na uvimbe ukaondoka. Nyumba nzima ikaisifu dawa.

Nataka mlifikiri jambo hilo kwa utulivu, kwa sababu shangazi hakusema uongo, wala dawa yake haikumdhuru. Uvimbe uliondoka kweli. Lakini ngiri huondoka kwa kulala, ukiwa na jani au huna. Utumbo umerudi mahali pake na ule uwazi ungali pale pale. Jani lilipewa sifa ya kazi iliyofanywa na kitanda. Hivi ndivyo dawa nyingi hupata jina, si zetu tu, hata za nchi nyingine, na mtu mwenye akili nzuri aweza kudanganyika kwa macho yake mwenyewe.

Kijana alirudi kwenye magunia. Baada ya miezi michache, usiku mmoja, uvimbe ulitoka na haukurudi. Ukawa mgumu, mwekundu, hauguswi. Akaanza kutapika, tumbo likajaa, hakupata choo wala upepo. Shangazi alitaka kutwanga majani tena. Mpangaji mwenzao mmoja, mtu asiyesema sana, ndiye aliyekwenda kuita bajaji. Alfajiri akapasuliwa, na daktari akawaambia kwamba kama wangengoja mpaka adhuhuri, utumbo ulionaswa ungalikwisha kuoza. Alipona. Magunia ameyaacha, sasa ana meza ndogo ya vifuniko vya simu, na shangazi yake ndiye anayewahimiza majirani wenye uvimbe waende kupimwa.

Basi dalili hizo zishikeni: uvimbe wa kinenani uliokuwa ukirudi, sasa haurudi, ni mgumu, unauma sana, mtu anatapika, tumbo limefunga. Huyo hana saa za kungoja. Asikandwe kwa nguvu, asibandikwe kitu, asipewe cha kunywa. Apelekwe hospitali usiku huo huo. Na yule ambaye uvimbe wake bado waenda na kurudi, asingoje ufike huko. Upasuaji wa mchana, kwa mashauri na nafasi, si sawa na upasuaji wa alfajiri.

Nisieleweke kwamba nawadharau waganga wa miti shamba. Serikali yenyewe haikuwadharau. Mwaka 1974 pale Muhimbili kilianzishwa kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho baadaye kilikuwa taasisi kamili, na mwaka 2002 ilitungwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala, ikaweka baraza la kuwaandikisha waganga. Wenye elimu ya mimea nao wamefika sokoni, Dar es Salaam na Tanga, wakanunua mafungu ya mizizi na magome, wakayatazama moja moja. Waliona kwamba jina moja la sokoni mara nyingine lafunika mimea miwili au mitatu isiyo ya ukoo mmoja, na mmea mmoja waweza kuwa na majina kadha wa kadha kwa kabila na kabila. Msituni mganga auona mmea mzima, jani lake, ua lake, kivuli unamokaa. Sokoni kimebaki kipande cha mzizi kilichokauka, na jina. Jina likipotoka njiani, kuna nini cha kulirudisha?

Na msitu wenyewe wakimbia. Mmoja ulio karibu na mji huu ni ule wa vilima vya Pugu na Kazimzumbwi, ambao wengi mmeuona mkisafiri kwa treni ya reli ya kati. Una mimea isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Tena uko mkabala na mji wenye majiko mengi ya mkaa kuliko mji wowote wa Tanzania, na gunia la mkaa lina bei kila siku, lakini kivuli hakina bei. Mtu akikata mti mkubwa hudhani ametwaa mti mmoja. Vyote vilivyokaa chini yake, vilivyozoea jua la vipande vipande, huamkia jua zima. Majani huungua, nyasi huingia, na nyasi huleta moto wa kiangazi. Wapo wavumilivu wanaobaki, kama huyu wetu mwenye kiazi chake ardhini. Wapo wasioweza, na habari zao hazikuandikwa na mtu.

Juma lililopita nilichukua jani moja la ZZ, nikaenda nalo Kariakoo kwa mzee mmoja aliyetandika mkeka wake kando ya njia, na mizizi yake, magome yake, vichupa vya mvuje na habasoda na shubiri. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamwonyesha. "Jani hili walijua?"

Akaligeuza, akalinusa, akaliminya kikonyo mpaka maji yakatoka. "Hili siku hizi ni la mapambo. Limejaa mabarazani. Zamani nililiona chini ya miti, huko tulikokuwa tukichimba dawa, lakini mimi siliuzi. Lawasha."

"Na dawa ya mshipa unayo?"

Akaniangalia kwa muda, kisha akaweka jani chini. "Mshipa gani, mwanangu? Wa mgongo, wa maji, au wa ngiri?"

Nikamwambia, tuseme ni wa ngiri.

"Ni wako au wa mwingine?"

"Wa mwingine."

"Akilala warudi?"

Nikasema, tuseme haurudi.

"Basi wewe wafanya nini hapa?" akasema, na sauti yake ikabadilika. "Mpeleke huyo akapasuliwe. Mimi sina mzizi wa hilo, wala baba yangu hakuwa nao."

Nikamweleza kwamba hakuna mgonjwa, nilitaka kujua tu. Alicheka, lakini si sana, akaniambia siku nyingine niseme kweli mapema, maana amekwisha kuwaona wawili waliokuja kuuliza hivyo na mgonjwa wao yu taabani nyumbani. Nilinunua kwake tangawizi ya shilingi mia tano. Jani la ZZ nilirudi nalo, nikalichomeka katika udongo wa kopo nyuma ya mlango, penye kivuli. Mpaka sasa halijafanya lolote, nami nimeambiwa ningoje miezi.

Kwaherini, wasikilizaji.